Mikaratusi ya jirani inanidumazia maharage: ni sumu au ni maji?

Mtafuta_Kijani: Habari wadau. Shamba langu limepakana na mstari wa mikaratusi ya jirani, mirefu kwelikweli. Maharage ya upande ule yanaota kwa kuhesabika, na yakiota yanabaki mafupi, majani ya njano. Ukisogea hatua kama kumi kuelekea katikati, yamestawi bila shida. Mbegu ni ileile, samadi ileile. Jirani anasema ni kivuli tu. Rafiki yangu anasema mti unamwaga sumu, nisahau kupanda pale. Nimsikilize nani? Na majani yaliyodondoka naweza kuyafanya matandazo?

Jembe_Butu: Mkuu, huo mti hauna undugu na mtu. Unakunywa maji ya shamba zima. Jirani akate, habari iishe.

Binti_Udongo: Jembe_Butu, akikata kesho kisiki kinachipua upya, habari haiishi hata kidogo.

Mtoa mada, sumu ipo. Ile harufu kali ukisugua jani kiganjani ni mafuta yenye kemikali ziitwazo sineoli na pineni. Mvuke wake hunasa kwenye chembe za udongo. Na majani yakidondoka, mvua huyalowesha na kushusha asidi za fenoli, kama galiki na feruliki, ambazo huzuia mbegu kuota na kudumaza vimizizi vichanga. Kitaalamu ni alelopathia. Mwaka 1970 watafiti Roger del Moral na Cornelius Muller waliieleza chini ya mikaratusi huko California, ambako mimea ya msimu ilishindwa kuota karibu na miti. Ila ilikuwa kwenye udongo mzito, usiopitisha maji wala hewa vizuri. Kwenye kichanga tatizo halikuonekana. Wako ni udongo gani?

Mtafuta_Kijani: Mfinyanzi. Ukikauka unapasuka, ukilowa unabaki na kiatu.

Mzee_wa_Mboji: Basi rafiki yako ana hoja, lakini jirani naye hajadanganya. Kivuli, kiu na sumu vyote hudumaza mmea, na kwa macho huwezi kuvitenganisha. Pima.

Jaza makopo udongo wa chini ya miti, mengine udongo wa katikati ya shamba. Panda mbegu zilezile, yaweke pamoja juani, mwagilia sawasawa. Yote yakikua sawa, udongo hauna kesi. Wanaokuonea ni mizizi na kivuli. Ya chini ya miti yakidumaa, usishangilie bado, huenda ni njaa ya rutuba. Kwa hiyo tenga makopo kadhaa ya udongo huohuo uyatie samadi iliyoiva. Yakidumaa hata hayo, hapo sumu inashukiwa kweli.

Na tafadhali usichemshe majani ukamwagilia mbegu ile supu. Watu hufanya hivyo, mbegu zinakufa, wanatangaza ushindi. Mvua haichemshi majani.

Mtafuta_Kijani: Shikamoo mzee, nimekuelewa. Jambo jingine: nikimwaga maji chini ya ile miti yanabaki matone juu ya udongo, hayazami upesi. Ni kawaida?

Mzee_wa_Mboji: Marahaba. Ni kawaida pakikauka. Nta na mafuta ya majani hupaka chembe za udongo, maji yanateleza. Mbegu inakaa pakavu hata siku uliyonyeshewa. Hilo nalo watu huliita sumu.

Binti_Udongo: Kama makopo yataonyesha ni mizizi, chimba mtaro wa kina upande wako wa mpaka, ukate mizizi iliyoingia. Zungumza na jirani kwanza, maana ukikata mizizi minene karibu na shina, mti unaweza kumwangukia mtu. Na mtaro uufungue tena kila baada ya muda, mizizi inarudi.

Jembe_Butu: Na yale majani? Aliuliza matandazo.

Mzee_wa_Mboji: Yakiwa hayajaoza, yasiguse kitalu wala mstari wa mbegu. Yarundike mbali, changanya na samadi na majani mabichi ya mimea mingine, lowesha, pindua mara kwa mara. Bakteria na kuvu huzivunja hizo kemikali. Jani likivunjika mkononi na ile harufu imekwisha, anza kwa kutandaza chini ya miti iliyokomaa. Maharage yaje baadaye, baada ya kujaribu mboji hiyo kwenye kopo lenye mbegu chache.

Mtafuta_Kijani: Makopo naanza nayo wikiendi hii. Nitaleta picha za pande zote tatu.