Mliochimbia waya wa umeme ardhini huko shamba, tupeane uzoefu

mkulima_wa_jioni
Wakuu, jana nimefukua waya niliouchimbia mwaka juzi kutoka kwenye mita hadi nyumba ya nyuma, mita 120 hivi. Nilikimbia matawi ya miparachichi, kila upepo ukivuma tunalala giza. Sasa miezi miwili hii uniti za LUKU zinayeyuka, mimi namnunia shemeji na pasi yake. Kumbe fuko! Ganda limemenywa kama muwa, alama za meno mawili mawili, kopa imeota ukijani. Shemeji nimemwomba radhi kwa jogoo. Nyie mmelindaje wa kwenu?

mama_vifaranga
Huku kwetu ni mchwa. Mwaga oili chafu kwenye mtaro kabla ya kufukia. Mwaka wa sita huu, taa za banda zinawaka.

fundi_mstaarabu
Dada, usiwapoteze watu. Oili inalainisha ganda la plastiki, na ikinyesha inaelekea kisimani. Meno yanazuiwa na chuma: nunua ile kebo nene yenye nyuzi za chuma chini ya ganda jeusi. Hizo nyuzi zifungwe kwenye waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ili mtu akiitoboa kwa sururu breka ikate palepale.

mama_vifaranga
Bei mbona hujaitaja?

fundi_mstaarabu
Bei ya jeneza nayo huwa hawaitaji mapema.

kijukuu_cha_Karagwe
Nimesita kuandika hii. Masika ya 2019, nyumbani kwa mzee. Waya ulipita katikati ya migomba, kina chake pigo moja la jembe, na katikati fundi aliunga kwa tepu nyeusi akazungushia mfuko wa rambo. Tukamsifu kwa kubana matumizi. Jumamosi moja mvua imenyesha usiku kucha, namswaga ng'ombe wetu wa maziwa kwenda malishoni. Alipofika penye kiungo akakakamaa, akapiga magoti ya mbele, akaanguka. Hata kulia hakulia. Mimi nina gambuti, mzee anakuja mbio peku. Nilipiga kelele, akadhani namwitia msaada, akazidisha mbio. Nikageuka kuikimbilia meni swichi. Ule umbali nimeuota mara nyingi. Niliporudi mzee amekaa kwenye tope hatua chache kutoka kwa ng'ombe, anajipapasa miguu, anasema "siafu, siafu wamenipanda". Ng'ombe alishakata roho. Fundi simu yake haipatikani mpaka leo.

chawa_mstaafu
Pole sana mkuu. Samahani, nyama mliifanyaje?

dada_wa_kibarazani
Mtu nusura ampoteze baba yake, wewe unauliza nyama?

chawa_mstaafu
Nimeuliza kwa ajili ya afya ya jamii.

kijukuu_cha_Karagwe
Tulizika. Mzee alikataa hata ngozi.

babu_mtandaoni
Ng'ombe kufa yeye peke yake, na mzee kupona? Hapo kuna mkono wa mtu.

fundi_mstaarabu
Mkono wa mtu upo, mzee wangu: wa yule aliyefunga tepu. Umeme ukivuja kwenye udongo uliolowa, nguvu yake inapungua kila unapokwenda mbali na tundu. Ng'ombe miguu ya mbele na ya nyuma imeachana sana, tofauti hiyo inampita mwilini, kifuani na moyoni. Mzee hatua zake fupi, na hakufika katikati. Pale ingekuwepo breka ya kuhisi uvujaji, ya miliampea 30, ingekata kabla ng'ombe hajafika.

babu_mtandaoni
Nimekuelewa, ila na jirani mchunguzeni.

mwenye_pampu
Mimi nimepitisha kwenye paipu za PVC, safi kabisa.

dada_wa_kibarazani
Za kwangu zilijaa maji, na panya wakahamia. Paipu bila gundi kwenye maungio na bila kuzibwa ncha ni nyumba ya kupanga.

mwenye_pampu
Kinachonisumbua mimi ni kwamba pampu inaguna tu, haivuti.

fundi_mstaarabu
Waya wa ngapi, na umbali gani?

mwenye_pampu
Wa 2.5, yaani unene wa kopa milimita za mraba 2.5, kama mita 100.

fundi_mstaarabu
Ndiyo maana. Umeme unachokea njiani. Wa 2.5 ukibeba ampea 10 mita 100 unapoteza volti kama 18, na pampu ikiwa inaanza inavuta zaidi ya hapo. Tia wa 10, upotevu hauzidi volti 5.
Na wewe mkulima uliyeanzisha mada, usiunge palipoliwa, vuta kebo nzima. Chimba hadi magotini, panapolimwa zidisha. Mchanga laini chini na juu yake, tofali za kuchoma, udongo kidogo, utepe wa njano, ndipo umalizie kufukia. Pembeni simika vigingi vya zege, maana wewe unajua waya ulipo, kibarua wa kulima hajui.

mama_vifaranga
Na oili kidogo.

fundi_mstaarabu
Dada!

mkulima_wa_jioni
Asanteni. Nimetoka nje na tochi sasa hivi kupima mtaro mpya. Kuna kichuguu kibichi cha fuko palepale nilipopanga kupitisha.

chawa_mstaafu
Huyo naye analiwa, ujue.