Tupeane uzoefu: kununua godoro jipya ukiwa na maumivu au mgonjwa nyumbani

Mleta mada (Dar es Salaam)
Ndugu zangu, salaam. Jana nimerudi kutoka Kariakoo nikiwa nimechoka na bila godoro. Nina miaka 46, na tangu mwaka juzi ninasumbuliwa na pingili za chini za uti wa mgongo. Katika picha za MRI daktari alinionyesha jinsi diski moja inavyobana mshipa wa fahamu unaoshuka mguu wa kushoto. Godoro langu la sponji, futi tano kwa sita, limebonyea katikati, na kila asubuhi hunichukua karibu nusu saa kabla sijaweza kuinama na kuvaa soksi. Katika maduka manne niliyoingia, kila muuzaji alinipigia ngumi godoro gumu kama ubao akaniambia kwamba hilo ndilo "la mifupa". Nilipoomba nilale juu yake kwa dakika tano tu, wawili walikataa wakihofia kwamba nailoni ingechanika. Mliopitia hali hii, mlichaguaje?

Mchangiaji wa Morogoro
Mkuu, hiyo ngumi ya muuzaji ndiyo iliyoniponza. Mimi ni mwembamba na hulala kwa ubavu. Nilinunua gumu kuliko yote kwa sababu niliamini kwamba mgongo mbovu unahitaji kunyooshwa, nikalilipia kwa awamu kwa miezi sita. Usiku wa kwanza bega lilikufa ganzi, na kufikia mwisho wa wiki nilikuwa ninaamka saa nane usiku kukaa kwenye kiti. Nilitandika mablanketi mawili juu yake ndipo nikapata usingizi, na mablanketi hayo yako hapo mpaka leo.

Mzee wa Tanga
Vijana, sisi tumekulia vitanda vya kamba, na waliokuwa na uwezo walitandika godoro la sufi lililoanikwa juani likapigwa kwa fimbo mpaka likaumuka. Wazee wetu hawakujua maumivu haya. Mleta mada, tandika mkeka sakafuni kwa mwezi mmoja, kisha ulete majibu.

Mchangiaji wa Mwanza
Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, ushauri huo ulinifikisha pabaya. Nililala sakafuni wiki mbili kwa kumsikiliza mjomba, na siku ya kumi na tano nilishindwa kuinuka, ikabidi mke wangu aite majirani wawili waninyanyue. Tena si kweli kwamba wazee hawakuumwa. Bibi yangu alitembea ameinama maisha yake yote, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Mzee wa Tanga
Marahaba. Sikusema kwamba kila mtu atapona. Nimesema nilichokiona kwa macho yangu, nami nina miaka 71 na ninalima.

Muuguzi (Dodoma)
Naomba niwasaidie hapo. Upo utafiti uliofanyika Hispania na kuchapishwa mwaka 2003 katika jarida la The Lancet. Watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno walipewa magodoro, baadhi magumu na wengine ya ugumu wa wastani, bila kuambiwa ni yapi. Baada ya siku 90, waliolalia ya wastani walikuwa na nafuu kubwa zaidi kuliko waliolalia magumu. Kwa hiyo mleta mada asiogope godoro linalozama kidogo begani na nyongani, mradi kiuno kisibaki kinaning'inia. Jambo la pili ni zito zaidi: ukihisi ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, au mkojo na haja vikianza kutoka bila kujua, au miguu ikilegea ghafla, usitafute godoro. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mchangiaji wa Kigoma
Naunga mkono hoja ya muuguzi.

Mama wa Moshi
Nimesoma neno "nailoni" katika andiko la kwanza nikashindwa kuendelea na kazi, naomba mnivumilie niandike.

Mwaka 2019 mume wangu alipata kiharusi na upande wa kulia ukapooza. Tuliporuhusiwa kurudi nyumbani, ndugu walichanga kwa nia njema kabisa wakatuletea godoro la inchi kumi, zito na gumu. Muuzaji alikuwa amewasisitizia kwamba nailoni isiondolewe, kwa kuwa dhamana ingepotea, nami niliona ni jambo jema kwa sababu mkojo usingepenya kwenye sponji. Nilitandika shuka juu ya nailoni. Ilikuwa Februari, na joto lilikuwa kali. Mgongo wake ulikuwa unalowa jasho mchana na usiku, nami nilikuwa ninabadilisha shuka nikijiona muuguzi hodari.

Siku ya kumi na moja, nilipomgeuza, niliona doa lenye ukubwa wa sarafu juu ya mfupa wa mkia. Nilidhani damu imeganda, nikalisugua kwa mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Siku ya kumi na nne ngozi ilibanduka na kubaki kwenye shuka. Yeye hakulia, kwa sababu upande ule hakuhisi chochote na maneno yalikuwa bado hayajamrudia. Alinitazama tu, akiona uso wangu umebadilika na asijue kwa nini. Nesi wa zahanati alipokuja hakunisema hata neno moja. Aliomba mkasi, akaichana nailoni yote kuanzia kichwani hadi miguuni akaikunja na kuitoa nje, kisha akaanza kusafisha kidonda. Kilichukua miezi mitano kufunga.

Mchangiaji wa Kigoma
Pole sana, mama. Mzee anaendeleaje sasa?

Mama wa Moshi
Asante. Anatembea kwa fimbo, na anazungumza polepole.

Mchangiaji wa Arusha
Mama, hukukosea peke yako. Mama yangu mzazi alilalia nailoni miaka miwili kwa sababu hiyo hiyo ya dhamana, akapata upele mgongo mzima. Ningependa kujua vidonda vya namna hiyo vinazuiwaje, kwa sababu sasa ninamuuguza baba.

Mchangiaji wa Iringa
Mada ilikuwa mgongo na magodoro, jamani. Mambo ya vidonda yangefunguliwa mada yake.

Mchangiaji wa Arusha
Ndugu, vidonda hivyo vimeletwa na godoro. Kama havikuhusu, wapishe wanaouguza wasome.

Muuguzi (Dodoma)
Nitajibu hapa hapa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe takribani kila saa mbili, mchana na usiku, hata kama godoro ni la gharama kubwa. Doa likitokea, libonyeze kwa kidole. Likibaki vile vile bila kufifia, ngozi imeshaanza kuumia, na hapo halisuguliwi wala kukandwa. Katika ngozi yetu nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, hivyo gusa kama pana joto au ugumu kuliko pembeni yake. Visigino viinuliwe kwa mto uliowekwa chini ya muundi. Ule mpira wa duara wa kukalia usitumike, kwa maana hubana damu kuzunguka pale pale mnapotaka kupaponya.

Mama wa Moshi
Niongeze kwamba baadaye tulipata godoro la hewa lenye pampu ya umeme, ambalo vyumba vyake hujaa na kupungua kwa zamu. Lilitusaidia sana, lakini umeme ulipokatika lilinywea, mume wangu akawa amelalia kitanda chenyewe. Nilijifunza kuacha sponji nyembamba chini yake, na kutega kengele ya simu kila saa mbili hata pampu ilipokuwa inafanya kazi.

Aliyekuwa muuzaji (Dar es Salaam)
Nimeuza magodoro kwa miaka tisa, na ninasema kwa uwazi kwamba neno "la mifupa" ni jina la biashara, halimaanishi kwamba daktari amelipima. Mleta mada, omba walipime godoro kwenye mizani. Futi tano kwa sita lenye inchi nane lina takribani mita za ujazo 0.57. Sponji yenye kilo 25 kwa kila mita ya ujazo itakupa kilo kama 14 bila kitambaa, na yenye kilo 18 itakupa kama kumi, nayo haikawii kubonyea. Tafuta alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Jihadhari pia na sponji ya mabaki yaliyogandishwa, ambayo ni nzito pasipo kuwa bora. Fungua zipu uone kama ndani pana rangi rangi.

Mchangiaji wa Iringa
Miaka tisa mlikuwa mnajua haya na hamkutuambia?

Aliyekuwa muuzaji (Dar es Salaam)
Walioniuliza niliwaambia. Wengi waliuliza bei.

Mama wa Mombasa
Kwetu tatizo ni pumu ya mtoto. Tulipewa godoro la sufi la marehemu nyanya yake, akawa anabanwa kifua kila alfajiri. Tuliliondoa, tukanunua la sponji pamoja na foronya nzito ya zipu inayolifunika lote, na mashuka twayafua kwa maji ya moto kila wiki. Ya mtumba sinunui kabisa, maana huwezi kujua yamebeba kunguni au vumbi la nani.

Mleta mada (Dar es Salaam)
Ninawashukuru nyote. Jumamosi nilikwenda na shuka langu, nikatandika juu ya nailoni, na duka moja likaniruhusu nilale robo saa. Nililala chali, mke wangu akapitisha kiganja chini ya kiuno changu: kwenye lile gumu kilipita bila kugusa popote, kwenye la wastani kilipita kwa kubanwa kidogo. Tulichukua la wastani la inchi nane. Kwenye mizani lilisoma kilo 16. Tulipofika nyumbani tuligundua chaga tatu za kitanda zimepasuka katikati, kwa hiyo sehemu ya lile shimo haikuwa kosa la godoro la zamani. Seremala amezibadilisha. Mguu bado unakufa ganzi, na mazoezi ya fiziotherapia ninaendelea nayo, lakini leo, siku ya tano, nimevaa soksi nikiwa nimesimama.

Mchangiaji mpya (Singida)
Mama yangu amefanyiwa upasuaji wa nyonga na anarudi Jumatatu. Nichukue la inchi ngapi?

Mama wa Moshi
Pima kwanza kitanda, mwanangu. Akikaa ukingoni, nyayo zake zikanyage sakafu na magoti yasipande juu ya nyonga. Ukishajua urefu huo utajua inchi. Na nailoni uiondoe kabla hajafika.