Wale wa tafsiri wamemgeuza marehemu baba yangu kuwa "Trouble", halafu nimejibiwa hivi!

Mjukuu wa Bahi: Wakuu, nimetoka ofisini kwao sasa hivi, naandika nimesimama Jamatini hapa Dodoma, mikono inatetemeka. Siwataji. Aliyewahi kupeleka karatasi pale anawajua, wale wenye kibao kinachowaka mchana kweupe, wanaojisifu mashine yao inajua lugha zote za dunia.

Nilipeleka muhtasari wa kikao cha ukoo. Mzee alifanya kazi na Waingereza, mafao yake yako huko, wanataka karatasi kwa Kiingereza. Kurasa 2, elfu 80. Marehemu anaitwa Tabu Mashaka. Wamemwandika "the late Trouble Doubts"! Baba aliyenisomesha kwa karanga na mtama! Baba mkubwa kawa "big father", baba mdogo "small father", yaani Uingereza watahesabu mababa watatu na mafao yatagawanywa mpaka Singida. Mama kapewa "he", kwa sababu "alikubali" haisemi ni mke au mume. Mjane wa watu kaota ndevu!

Hayo yote ningemeza. Narudi kuwaonyesha, dada wa mapokezi hata simu hajaishusha sikioni: "Kaka, mfumo haukosei. Mwenye kosa ni aliyempa baba yako jina la Tabu."

Aliyempa jina ni bibi yangu! Alimzaa mwaka wa njaa. Ugogo njaa zina majina, Mtunya ya wakati wa Vita ya Kwanza inasimuliwa mpaka leo, na mtoto wa mwaka kama huo hubeba jina ili watu wasisahau walivyopona. Halafu mtu amekaa kwenye kiti kinachozunguka ananiambia "mwenye kosa ni aliyempa jina". Nimeirudia sentensi hiyo njia nzima, bodaboda kaniuliza naongea na nani.

Wasimamizi msiufute uzi huu.

Mzabibu Mchungu: Pole sana Trouble Junior 😂😂

Binti Kondoa: Elfu 80 kwa kitu ambacho simu yako inafanya bure? Umeliwa mchana kweupe.

Kaka wa Makole: Hii chai. Weka picha ya karatasi.

Kalamu Kavu: Acheni kumcheka, nimesomea tafsiri. Mashine haielewi kitu, imelishwa sentensi zilizotafsiriwa na watu, inabahatisha neno linaloelekea kufuata. Na mihutasari yetu tunaichapa herufi kubwa mwanzo hadi mwisho, sasa TABU la mtu na TABU la shida linapambanuliwaje? Ndiyo maana lazima awepo binadamu wa kupitia nyuma yake. Hao wamemfuta huyo binadamu, bei ikabaki palepale.

Mjukuu wa Bahi: Asante mkuu. Ila mimi naongelea kauli. "Mwenye kosa ni aliyempa jina." Kwa marehemu!

Mzee wa Mtumba: Kijana, BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wapo tangu 1967 na kazi ya tafsiri wanaifanya. Vibao vinavyowaka unavifuata vya nini?

Vumbi la Nkuhungu: Afadhali yako. Sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama tangu 2021, lakini wakili wangu kila karatasi ananiletea ya Kiingereza. Nasaini kama mtoto wa chekechea. Kesi yenyewe ya kiwanja.

Mzabibu Mchungu: Usinitajie kiwanja! Changu cha Nala kimepimwa mara mbili, kina wenyewe wawili, na mwenzangu kashamwaga kokoto.

Kaka wa Makole: Kokoto tu? Wangu kashapaua.

Binti Kondoa: Mna bahati mna viwanja. Mimi nimepanga Chang'ombe, mwenye nyumba kafunga mita ya maji chumbani kwake.

Fundi Bomba: Kwani kwako yanatoka? Huku kwetu leo siku ya nne bomba linapiga mluzi tu.

Binti Kondoa: Yanakuja saa nane usiku kama mwizi. Ukilala, umekosa.

Mjukuu wa Bahi: Jamani, uzi huu ni wa baba yangu.

Fundi Bomba: Tuko pamoja mkuu, Mungu amrehemu mzee. Ila kwenu yanatoka saa ngapi?

Mjukuu wa Bahi: Tangu Jumanne hakuna hata tone.