Colorado 4-8: Deion Sanders kajenga au kabomoa?

Mkazi wa Aurora: Msimu wa 2023 umetuishia Jumamosi, Utah katufunga 23-17. Wapenzi wa mpira wa Kimarekani, mwaka wa kwanza wa Kocha Deion Sanders pale Boulder, kwenye timu ya Chuo Kikuu cha Colorado, tuuiteje? Mwaka jana timu ilishinda mechi 1 na kupoteza 11. Mwaka huu 4 kwa 8. Kwangu hiyo ni hatua kubwa. Tulianza kwa kumpiga TCU 45-42, timu iliyocheza fainali ya taifa Januari, kisha Nebraska, kisha Colorado State. Ndiyo, wachezaji zaidi ya 50 wa zamani waliondoka, lakini wale walikuwa mizigo tu.

Jogoo la Mjini: Hatua gani? Mmeshinda 3 za mwanzo, kisha katika 9 mkaambulia 1, ya Arizona State. Oregon kawachapa 42-6. Na Stanford je? Mko nyumbani, mapumziko mnaongoza 29-0, mnalala 46-43 baada ya vipindi viwili vya nyongeza! Yule Ayomanor wa Stanford kaudaka mpira nyuma ya kichwa cha mlinzi wenu Travis Hunter, na Hunter hajui hata ulipo. Kadaka pasi za yadi 294, mtu mmoja.

Mama Neema: Mimi nimekwama kwenye "mizigo". Wale ni watoto wa watu. Mwanangu alikuwa na skolashipu ya michezo katika chuo kimoja, akaja kocha mpya, akamwita ofisini na kumwambia atafute pengine. Simu yake niliipokea kazini, zamu ya usiku, nimesimama koridoni na glavu mkononi, mtoto analia hawezi kumaliza sentensi. Na Sanders alifanya hivyo mbele ya kamera, kikao cha kwanza kabisa na vijana, akiwahimiza wahame. Leo unawaita mizigo?

Mkazi wa Aurora: Pole dada. Lakini neno hilo alilileta kocha mwenyewe.

Jogoo la Mjini: Usimsingizie. Alisema anakuja na mizigo yake, tena ya Louis, yaani ya kifahari. Alikuwa anawasifu wale anaokuja nao. Hao uliowatukana umewatukana wewe.

Kaka wa Nakuru: Tutulie jamani. Kanuni za NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, zinamruhusu kocha mpya kumtoa mchezaji kikosini mwaka wake wa kwanza, na kijana akabaki na ufadhili wake wa masomo. Hakuna aliyefukuzwa shule.

Mama Neema: Kwenye karatasi, sawa. Kijana aliyelelewa kwa ajili ya mpira akae bwenini asikie wenzake wakienda mazoezini? Ataondoka, halafu mtaandika kahama kwa hiari yake.

Jogoo la Mjini: Na kama waliondolewa wasiofaa, mbona safu ya mbele ndiyo imeoza? Shedeur, mrusha pasi na mwana wa kocha, kaangushwa mara 52! Mechi ya Utah hakucheza, kavunjika mfupa wa mgongo. Baba kaleta wageni zaidi ya 80 na hakupata watano wa kumlinda mwanawe. Novemba kamnyang'anya Sean Lewis kazi ya kupanga mashambulizi, kampa Pat Shurmur. Mechi 4, vipigo 4.

Mkazi wa Aurora: Sasa mnamwingilia kijana! Shedeur habebwi na mtu. Yadi 510 dhidi ya TCU alirushiwa na baba yake? Nendeni uwanjani kwetu Folsom Field muone watu walivyojaa. Mwaka jana mlikuwa wapi?

Jogoo la Mjini: Nani kamgusa kijana? Nimesema hakulindwa. Soma kabla ya kujibu.

Mama Neema: Habari za Shedeur sikuuliza. Hao 50 na zaidi wako wapi? Nani hapa anaweza kunitajia hata mmoja?

Kaka wa Nakuru: Montana Lemonious-Craig. Aprili, kwenye mechi ya majaribio, alidaka pasi ya Shedeur akafunga kwa yadi 98. Siku chache baadaye akaondoka. Akaenda Arizona, na Arizona wamewafunga Colorado 34-31.

Mkazi wa Aurora: Yule alijiondokea mwenyewe.

Mama Neema: Huyo ni mmoja, na amepata pa kuchezea. Nitajieni wa pili.