Mjadala: Huduma ya vijana tuipime kwa kipi?

Mlezi wa Vijana: Bwana Yesu asifiwe. Kila robo mwaka naandika taarifa: waliofika kesha, waliokata shauri kuokoka, michango. Hakuna anayeniuliza nani bado yupo. Watoto wanabarikiwa kipaimara, picha, pilau, wiki tatu baadaye benchi lao liko tupu. Naomba tuhesabu waliobaki miaka 2 baada ya kipaimara, si waliojaza kwaya kwa sababu ya sare mpya.

Soprano: Mlezi, hilo la sare umetukosea. Tulichangishana wenyewe, baraza la wazee halikutoa hata senti. Mazoezi hadi saa mbili usiku, wewe umekuja mara ngapi?

Mwinjilisti: Wapendwa, kuhesabu watu ni hatari. Daudi alihesabu, tauni ikaua kama elfu saba.

Katibu: 70,000, mtumishi. 2 Samweli 24. Na Musa aliamriwa na Mungu mwenyewe ahesabu. Hata siku ya Pentekoste imeandikwa watu wapata 3,000.

Mwinjilisti: Soma mstari unaofuata. “Wakawa wakidumu katika fundisho la mitume.” Hapo hakuna namba.

Mlezi wa Vijana: Ndicho ninacholilia, kudumu!

Mama Mzazi: Wangu yuko bweni kidato cha tatu, na UKWATA ya shuleni, ule umoja wa wanafunzi Wakristo, imemfanya mwombaji kuliko mimi. Usharikani mnamwandika kapotea. Mtoto wangu hajapotea!

Soprano: Pole mama. Mlezi, la sare hujajibu.

Besi wa Zamani: Nijibu mimi. Kijana hana kazi, anadaiwa sare, Jumapili anaambiwa asiye na sare haimbi. Anakaa nyuma, mwezi ujao haji. Mimi nilikuwa huyo.

Soprano: Kaka, ulikuwa na deni la sare mbili, ya Pasaka na ya Krismasi. Usijifanye ulifukuzwa.

Besi wa Zamani: Dada, niliyoichukua nilirudisha. Imevaliwa na nani sasa?

Katibu: Tafadhali, mada ni vijana.

Soprano: Sare ni mali ya kwaya, si ya mwimbaji. Iko kwenye katiba.

Besi wa Zamani: Katiba ipi? Iliyopitishwa mwaka gani? Iwekeni hapa tuisome wote.

Mama Mzazi: Na mimi niliyelipia kitenge cha mwanangu, akienda chuo abaki nacho au akirudishe?