Nimegawa vitu, lakini sala yangu bado imejaa vitu

mwenye_kigoda (swali)

Tumsifu Yesu Kristo.

Wapendwa, naomba msaada wa yeyote aliyewahi kupita njia hii. Tangu Kwaresima iliyopita nimevutwa sana na watakatifu wa taamuli (sala ya kumwangalia Mungu kimya kwa upendo), hasa usahili wao. Nikaanza na kilichokuwa karibu: nikagawa zaidi ya nusu ya nguo zangu, nikabakiza viatu jozi mbili, nikaondoa kila kitu ukutani isipokuwa msalaba. Kwenye kona ya chumba nikaweka kigoda, mshumaa na Biblia, basi. Wiki za mwanzo nilikuwa na amani ambayo sijawahi kuionja.

Baadaye nikagundua mambo mawili yanayonitia aibu. Nikiingia nyumbani kwa mtu, macho yangu yanahesabu vitu vyake na moyo unamhukumu. Na kona yangu ni tupu, lakini sala yenyewe imejaa pomoni: novena (sala za siku tisa) tatu zinazokwenda kwa pamoja, Rozari, litania, vitabu vinne ambavyo vyote nimeviachia katikati, na daftari la kuandika kila ninachohisi. Nakaa saa nzima na sinyamazi hata dakika tano.

Juzi mtoto wa dada yangu, ana miaka sita, alipanda juu ya kile kigoda ili achungulie dirishani. Mguu mmoja ukavunjika. Nilimfokea mpaka akajificha nyuma ya mlango. Usiku ule usingizi haukuja. Nimetoa vitu kwa ajili ya Mungu, kisha nimemliza mtoto kwa sababu ya kigoda cha kusalia.

Je, usahili ni njia ya kumfikia Mungu kweli, au nimepanga nyumba tu? Na mtu wa ulimwenguni, asiye na monasteri wala mama mkuu wa kumwongoza, aanzie wapi?

oblati_mzee

Milele Amina. Mimi ni oblati wa Kibenediktini, yaani muumini anayefungamana na monasteri bila kuwa mtawa, kwa hiyo nitajibu kwa Kanuni ambayo Mtakatifu Benedikto aliwaandikia watawa, na nitajibu hasa lile la kuhesabu vitu vya watu, kwa kuwa hilo limenisumbua hata mimi.

Soma sura ya 34. Benedikto anasema anayehitaji kidogo amshukuru Mungu wala asihuzunike, na anayehitaji zaidi anyenyekee kwa udhaifu wake wala asijivune kwa huruma aliyotendewa. Kwake hakuna kipimo kimoja cha vitu kwa watu wote. Halafu sura ya 55, anapotaja vitu ambavyo abati (mkuu wa monasteri) anapaswa kumpa mtawa, anataja mpaka kisu, sindano, leso na vibao vya kuandikia, ili mtu asipate kisingizio cha kusema amepungukiwa. Mtawa wake ana sindano yake ya kushonea na hana wasiwasi nayo. Hajiulizi kama ndugu wa chumba cha pili ana sindano mbili.

Kuhusu sala, sura ya 20: iwe fupi na safi, isipokuwa neema ya Mungu yenyewe ikiirefusha.

niliyekuwa_novisi

Dada mpendwa, mimi nilikaa miaka minne na masista Wakarmeli wa ndani, wasiotoka monasterini, kabla ugonjwa haujanirudisha ulimwenguni. Hilo la kigoda nalijua vizuri mno, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Kule hakuna kusema "changu". Ni "chumba chetu", "kalamu yetu", hata kama humo chumbani unalala wewe peke yako. Mwanzoni ulimi unakataa. Ukishazoea, unadhani na moyo umezoea. Mimi nilikuwa na blanketi kuukuu kuliko yote ya novisiati (nyumba ya malezi ya watawa wapya), lenye viraka viwili, na nililipenda kwa sababu ya ukuukuu wake. Kila nilipojifunika nalo nilijiona fukara wa kweli. Siku moja mlezi wa manovisi akalichukua bila maelezo, akaniletea jipya. Nililia. Dada, nililia kwa kupewa blanketi jipya! Jioni aliyaona macho yangu, akaniuliza kwa upole kabisa: "Lilikuwa letu, sista, au lilikuwa lako?"

Swali hilo ninalo mpaka leo.

Baadaye nilipomsoma Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, yule wa Lisieux, nilikuta naye amepitishwa hapo hapo. Anasimulia kwamba jagi zuri la chumbani kwake liliondolewa, likaletwa kubwa lililomegeka kingo zote. Na usiku mmoja baada ya sala ya mwisho akaitafuta taa yao ndogo asiione. Sista mwingine alikuwa ameichukua akidhani ni yake, na kwa kuwa ni saa za ukimya mkuu, Teresa hakuweza kuuliza. Alikuwa ameitegemea taa ile kwa kazi yake, akakaa gizani saa nzima. Lililonigusa ni hili: hakujichagulia giza lile wala jagi lile. Nguo ulizogawa ulizichagua wewe, dada, na ni vyema ulivyofanya. Mguu wa kigoda ulivunjwa na mtoto bila kukuomba ruhusa, na nadhani hapo ndipo ufukara ulipokuja wenyewe kubisha mlangoni.

Yohane wa Msalaba, mtakatifu mwingine wa Karmeli, ni mkali zaidi. Kwenye kitabu chake Usiku wa Giza, sura ya tatu ya kitabu cha kwanza, anawasema waliokwisha kuanza maisha ya sala lakini hawashibi vitabu, mashauri, misalaba na rozari za namna hii na ile. Halafu anamtaja mtu aliyemfahamu, ambaye kwa zaidi ya miaka kumi alisali na msalaba uliotengenezwa ovyo kwa kuti lililobarikiwa, umefungwa kwa pini iliyokunjwa. Na mwingine aliyesali kwa tasbihi ya mifupa ya samaki. Anasema ibada yao haikuwa na thamani ndogo mbele ya Mungu kwa sababu hiyo. Lakini tahadhari! Wewe au mimi tungeweza kuutafuta msalaba wa kuti kwa sababu ni wa kuti, nao ukawa blanketi langu tena. Yohane huyo huyo anasema ndege aliyefungwa kwa uzi mwembamba haruki, sawa tu na aliyefungwa kwa kamba nene, mpaka uzi ukatike.

Sasa hiyo sala iliyojaa. Teresa wa Avila, mtakatifu aliyeirekebisha Karmeli, anasema katika kitabu chake Ngome ya Ndani kwamba jambo la maana si kufikiri sana, ni kupenda sana. Katika Karmeli yake tunakaa saa moja asubuhi na saa moja jioni katika sala ya moyo, na mimi miezi ya kwanza nilijaza saa zote mbili kama wewe. Nilikuwa naogopa. Nikinyamaza, nikakuta hakuna kitu humo ndani, itakuwaje? Siku niliyoacha kujaza, kweli sikukuta kitu. Ukavu, usingizi, goti linauma. Mlezi hakushtuka. Aliniambia nibaki na neno moja na nimwangalie Bwana. Yule mkulima wa Ars, kijiji cha Ufaransa, aliyezoea kukaa mbele ya tabernakulo, alimweleza padre wake Yohane Maria Vianney sala yake kwa maneno machache: "Ninamwangalia, naye ananiangalia." Katekisimu imeyachukua maneno hayo katika namba 2715, na mimi sijapata maelezo bora ya taamuli.

Ushauri wangu: maliza novena ulizokwisha kuahidi, usifungue nyingine. Daftari liweke kando. Chagua mstari mmoja. Yohane Kasiano, mtawa wa kale, aliwafundisha watawa kukaa na mwanzo wa Zaburi ya 70, "Ee Mungu, uniokoe", wakiwa kazini, safarini, wakilala na wakiamka. Huo unatosha mwaka mzima. Na mwombe mtoto msamaha kabla hujakaa kusali tena.

mwalimu_wa_katekesi

Nakubaliana na sista (naomba nikuite hivyo), ila nina hofu moja. Wapo waliosikia "angalia tu, usiseme mengi", wakaacha Rozari, wakaacha Maandiko, na baada ya mwaka hawakuwa na sala yoyote. Yohane wa Msalaba ametoa alama tatu za kujua kama ni wakati wa kuacha tafakari (kusali kwa kuwaza): huwezi tena kutafakari kama zamani, huna hamu ya kupeleka mawazo yako kwingine, na unapenda kukaa peke yako ukimwelekea Mungu kwa upendo. Zote tatu kwa pamoja. Dada anasema ana vitabu vinne amevikatiza. Huenda hiyo ni tamaa ya kuonja onja, si neema ya kuacha.

niliyekuwa_novisi

Umesema kweli, nami sikuwa makini. Dada, usiache Rozari kwa neno langu. Kitabu nacho usikidharau: Teresa wa Avila anakiri kwamba kwa miaka 18 hakuthubutu kuanza sala bila kitabu, isipokuwa baada ya Komunyo. Mara nyingi kukifungua tu kulimtosha. Basi katika vile vinne shika kimoja, na kiwe Injili.

mama_wa_watatu

Naongeza dogo kwa sisi tusio na saa mbili. Ndugu Lawrence wa Ufufuko, bradha Mkarmeli wa Paris aliyefariki 1691, alipangiwa jikoni ingawa kwa asili yake hakuipenda kabisa kazi hiyo, akaifanya miaka mingi kwa ajili ya Mungu. Alisema wakati wa kazi kwake haukutofautiana na wakati wa sala. Mimi namwomba anifundishe hilo kila ninapoosha vyombo na watoto wanagombana nyuma yangu. Siku nyingine nafanikiwa kwa sahani tatu.

mwenye_kigoda

Asanteni kutoka moyoni. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kujaribu kwanza.

Nilimwomba mtoto msamaha. Akaniuliza kama kigoda kimepona. Tukakifunga mguu kwa kamba pamoja, yeye akishika, mimi nikizungusha. Kimekaa upande kidogo. Novena mbili zimekwisha, ya tatu itaisha Ijumaa. Nasali Rozari, nasoma Injili ya siku, kisha nabaki na ule mstari wa Zaburi. Mara nyingi nasinzia. Jana mtoto alikuja katikati ya sala, akakaa kwenye kigoda bila kusema neno, nami nikahamia chini sakafuni, tukakaa hivyo mpaka mama yake akamwita.

Sista, lile swali la mlezi wako nimelichukua. Naomba uniombee.