Sabuni ya nazi na mawese imetoa mafuta juu na majimaji chini: kosa liko wapi?

Mama Genge (Mtwara Mjini)

Habari za jioni ndugu zangu, na shikamooni wakubwa. Ninaomba msaada kwa wenye uzoefu wa kutengeneza sabuni ya kipande kwa njia ya baridi, yaani ile ambayo haipikwi jikoni bali huchanganywa na kuachwa ishike yenyewe.

Vipimo vyangu ni mafuta ya nazi gramu 600, mawese gramu 300, mafuta ya ufuta gramu 100, kostiki soda (ndiyo inayogeuza mafuta kuwa sabuni) gramu 157 na maji gramu 300, na vyote nimevipima kwa mzani wa dijitali, si kwa kikombe wala kijiko. Nilivitumia vipimo hivi hivi mwezi wa tatu, sabuni ikatoka ngumu, yenye rangi ya manjano iliyopauka, na majirani walionunua wakarudi kuulizia nyingine.

Jumapili iliyopita nilianza kazi alfajiri, mara tu baada ya sala, kwa kuwa kuanzia saa mbili huwa niko gengeni. Kostiki nilikuwa nimeiyeyusha usiku kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko ili ipoe kabisa, maana niliwahi kuelekezwa kwamba kostiki na mafuta vyote vikiwa vimepoa ndipo kazi inakuwa salama. Nilipoanza kukoroga kwa mwiko, mchanganyiko ulikuwa mzito kama uji wa ulezi ndani ya dakika nne tu. Nilifurahi sana, kwa sababu mwezi wa tatu nilikoroga karibu dakika arobaini hadi mkono ukafa ganzi. Nikaumimina kwenye boksi la mbao nililolitandika nailoni, nikalifunika kwa blanketi, nikaenda zangu gengeni.

Niliporudi mchana nikakuta mafuta ya rangi ya chungwa yameelea juu, kina chake kama urefu wa ukucha. Kesho yake nilikata kipande cha pembeni ili nione ndani: juu panateleza kwa mafuta, katikati pana vipunje vyeupe kama chenga za mchele, na chini kabisa kuna majimaji ambayo yalinichoma kwenye kidole chenye mchubuko hadi nikakimbilia bombani.

Sasa nimechanganyikiwa. Nikitazama juu naona kostiki imepungua, nikitazama chini naona kostiki imezidi. Nisadiki lipi, na je, kilo nzima hii ya mafuta ndiyo imekwenda na maji?

Mjasiriamali wa Masasi

Pole sana dada. Kitu kinachochoma ni kostiki iliyozidi, hilo halina mjadala. Yeyusha sabuni yote, uongeze mafuta ya nazi gramu 100, ukoroge upya, na itatulia.

Kijana wa Lindi

Dada yangu, mimi naona kinyume chake. Kostiki ina tabia ya kuvuta unyevu wa hewa, na huku kwetu pwani ukiacha kopo wazi hata nusu siku utakuta chembe zimeanza kulowa na kushikana. Isitoshe, hewa yenyewe huigeuza taratibu kuwa magadi, na magadi hayana nguvu ya kugeuza mafuta kuwa sabuni kwa njia ya baridi. Kwa hiyo mtu anapima gramu 157 kwenye mzani, lakini kostiki halisi iliyomo ni pungufu, na mafuta yanayobaki ndiyo hayo yanayoelea. Hasa kama ulinunua ya kupimiwa kutoka kwenye mfuko uliokaa wazi dukani, mimi ningeongeza kostiki gramu 10.

Mama Genge (Mtwara Mjini)

Nawashukuru nyote wawili, ingawa mmenipa dawa mbili zinazopingana. Kostiki yangu ni ile ile niliyoitumia mwezi wa tatu. Naihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, na chembe zake bado ni kavu na zinatiririka kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Mafuta yaliyoelea niliyachota kwa kijiko nikayaweka kwenye chupa, na majimaji ya chini bado yamo ndani ya nailoni kwa kuwa haikutoboka. Hakuna nilichomwaga isipokuwa kile kipande kidogo cha pembeni.

Mwalimu Mstaafu (Nachingwea)

Marahaba, Mama Genge. Umefanya jambo moja la busara pengine bila kukusudia, nalo ni kutokumwaga kitu, kwa hiyo sabuni yako haijapotea. Ila nakuomba usifuate ushauri wa kuongeza mafuta wala wa kuongeza kostiki kabla hatujapiga hesabu, kwa sababu hesabu yenyewe ndiyo itakayotuamulia.

Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Gramu moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 0.183, ya mawese 0.142, na ya ufuta 0.134. Kwa vipimo vyako, nazi inataka gramu 109.8, mawese gramu 42.6 na ufuta gramu 13.4, jumla gramu 165.8. Wewe umeweka 157, maana yake umeacha takriban asilimia 5 ya mafuta bila kuguswa, na hicho ndicho kiasi ambacho watengenezaji wengi huacha ili sabuni isiumize ngozi. Vipimo vyako havina kosa. Kama kostiki ingekuwa imezidi, sabuni ingechoma juu, katikati na chini. Kama ingekuwa imechakaa, kama alivyohisi kijana wetu wa Lindi (na hoja yake ni ya kweli kabisa, isipokuwa haihusu kopo hili), kipande chote kingekuwa laini na chenye mafuta kwa usawa. Chako kimegawanyika tabaka: mafuta juu, maji ya kostiki chini. Kilichogawanyika ni kitu ambacho hakikuungana tangu mwanzo.

Ushahidi umeutoa mwenyewe uliposema kwamba mwezi wa tatu ulikoroga dakika arobaini na safari hii dakika nne. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25, na mawese huanza kushikana hata kabla ya hapo. Mwezi wa tatu huko Mtwara ni joto mchana na usiku, kwa hiyo mafuta yaliyoachwa yapoe bado yalikuwa majimaji. Mwezi huu wa saba, kusi linapovuma, alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 20 au karibu na hapo, na bila shaka mafuta yako ya nazi yalikuwa meupe kwenye chupa. Ulipoyamiminia maji ya kostiki yaliyolala usiku kucha na kupoa, mafuta yaliganda ndani ya ndoo na ukadhani sabuni imeshika. Uzito ule ulikuwa wa mafuta kuganda tu. Ukaufunika kwa blanketi, jua likapanda, mafuta yakayeyuka tena, na kila kimoja kikaenda mahali pake kwa mujibu wa uzito wake.

Vile vipunje vyeupe vichunguze kwa njiti, ukiwa umevaa glavu. Kikipondeka laini kama samli, ni mafuta yaliyoganda. Kikivunjika kama chumvi, ni kostiki. Vyovyote vitakavyokuwa, dawa ni moja.

Katakata sabuni yote vipande vidogo, uvirudishe kwenye chombo kimoja pamoja na mafuta ya chupani na majimaji yote ya kwenye nailoni, usiache hata tone, kwa sababu ukipoteza upande mmoja ndipo hesabu yetu itakapoharibika kweli. Chombo hicho kikalishe ndani ya sufuria kubwa ya maji yanayochemka juu ya moto wa wastani. Chagua chombo chenye nafasi mara mbili ya mchanganyiko, maana huwa unapanda kama maziwa. Koroga mara kwa mara. Mwanzoni utaona chengachenga zinazoelea kwenye mafuta na utakata tamaa, usizime moto. Baada ya muda utakuwa kama viazi vilivyopondwa, kisha kingo zitaanza kung'aa kama mafuta ya kupaka, na mng'ao huo utaingia hadi katikati. Ukikauka mno, ongeza maji vijiko viwili.

Kujua kama umeiva, chukua punje ndogo, iache ipoe, isugue kwa kidole kilicholowa, kisha ugusishe kidole hicho kwenye ncha ya ulimi. Ikikushtua kama tulivyokuwa tukiramba betri za redio utotoni, endelea kupika. Ukisikia ladha ya sabuni tu, epua na ujaze kwenye boksi ukiikandamiza vizuri.

Safari nyingine wakati wa baridi, pasha mafuta hadi yawe angavu kabisa bila wingu, na uyatumie yakiwa kwenye nyuzi 40 hivi, na kostiki nayo iwe na joto la karibu na hilo. Asiye na kipimajoto ashike chombo kwa nje: kiwe na uvuguvugu wa maji ya kumwogeshea mtoto. Kukoroga kutachukua muda wake, na ni vyema uchukue huo muda.

Bibi wa Kilwa

Mwalimu amemaliza, lakini kuna jambo amelipita haraka, nalo ni hicho chombo cha kupikia. Mwanangu, usije ukaweka mchanganyiko huo kwenye sufuria zetu hizi za kawaida, kwa sababu ni za alumini, na kostiki huila alumini. Mimi niliwahi kufanya hivyo: sufuria ilianza kutoa povu na mvuke wenye kukereketa koo, sabuni ikawa ya kijivu, na ndani ya sufuria pakabaki vishimo kama vya ndui. Hewa inayotoka hapo inashika moto, na wewe utakuwa umekaa kando ya jiko la mkaa. Tafuta sufuria ya stenlesi, na kama huna, azima. Ile kubwa ya nje yenye maji matupu inaweza kuwa ya alumini, haidhuru.

Na ukirukiwa na kostiki, tumia maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu. Wapo watakaokwambia umwagie siki au ndimu, usiwasikilize.

Nazi gramu 600 katika kilo ni nyingi kwa sabuni ya kuogea. Povu lake ni zuri, lakini hukausha ngozi, hasa ya watoto. Mimi ningeshusha nazi hadi 400 na kupandisha ufuta, ambao huko kwenu haukosekani, kisha ukapiga hesabu ya kostiki upya, kwa kuwa gramu 157 hazitafaa tena.

Mama Genge (Mtwara Mjini)

Shikamoo Bibi, na wewe Mwalimu. Nimeona nirudi kutoa taarifa. Nilikwenda kabatini nikakuta chupa ya mafuta ya nazi ni nyeupe nusu nzima, jambo ambalo Jumapili ile niliona la kawaida tu. Vile vipunje vilipondeka kama samli.

Sufuria ya stenlesi nimeazima kwa shemeji yangu, baada ya kumhakikishia kwamba itarudi safi. Nilipika kwa saa mbili na dakika kumi. Zile chengachenga kweli zilinikatisha tamaa, na kama Mwalimu asingenitahadharisha ningemwaga kila kitu kwenye saa ya kwanza. Ulimi ulishtuka mara mbili. Mara ya tatu nikasikia sabuni tu.

Imetoka ina mabonde juu kama ugali uliopakuliwa kwa haraka, na rangi imekolea kuliko ile ya mwezi wa tatu, ila ukiikata ni moja kutoka juu hadi chini, na nimenawia mikono pamoja na kile kidole chenye mchubuko bila kuwashwa. Nimeipanga kwenye chekeche ikauke. Nina swali moja limebaki: kwa kuwa imeshapikwa, je, bado ninahitaji kusubiri wiki nne kabla ya kuitumia, kama tunavyosubiri ile ya njia ya baridi?

Mwalimu Mstaafu (Nachingwea)

Kwa usalama wa ngozi huhitaji kusubiri, kwa kuwa kostiki imekwisha kufanya kazi yake. Unachosubiri ni maji yapungue ili kipande kisiishe haraka bafuni. Pima kipande kimoja leo, uandike uzito wake, na ukipime kila wiki. Ukiona uzito haushuki tena, uza.